Tonge Ambalo Arvilla Hakulimeza

Wifi yangu Arvilla Crowley alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kwenye dirisha la kila kibanda cha kambakoche, kuanzia kwetu Bandari ya Corliss huku mashariki mpaka Kittery kule jimbo la Maine linakoishia. Hakuuliza bei. Hakuuliza kama mkate unaotiwa nyama yake umechomwa kwa siagi. Aliinama mpaka pua yake ikaribie wavu wa mbu, akauliza:

"Nani kamvua?"

Msichana wa dirishani, na siku zote ni msichana wa chuo aliyekuja kufanya kibarua cha kiangazi, alibaki amemkodolea macho.

"Kamvua nani, mama?"

"Huyo mnayetuuzia. Nani kamvua, na kamvulia wapi?"

"Aa... baharini?"

"Umesikia, wifi? Baharini," nilidakia mimi, maana foleni nyuma yetu ilishaanza kuguna. "Si juu ya mti. Haya, agiza."

Lakini Arvilla hakubanduka mpaka ajibiwe. Aitwe mwenye kibanda, atoke na aproni yake, ataje jina la mvuvi na jina la maji. Ndipo aagize mkate mmoja, bila seleri. Tulikaa kwenye meza za mbao pamoja na watalii waliobabuka mabega. Aliushika mkate kwa mikono miwili, akang'ata mara moja, akatafuna polepole macho yamefumbwa. Kisha alitema kwenye leso ya karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake ili mwenye kibanda asije akaiona kwenye pipa la taka akaumia moyo. Kilichobaki nilikula mimi. Hivyo ndivyo nilivyoongeza kilo tisa kwa miaka tisa, na kwa hilo simshukuru hata kidogo.

Watu walidhani tunatafuta mkate bora wa kambakoche wa pwani nzima. Gazeti la kaunti lilikuja likatupiga picha: vikongwe wawili kwenye gari bovu, Arvilla anatabasamu, mimi nimenuna kama kawaida yangu. Waliandika kwamba hakuna ajuaye mkate kama sisi. Kwa upande wa Arvilla walisema kweli. Alianza kuchambua nyama ya kambakoche kiwandani akiwa na miaka kumi na nne, na vidole vyake vilitoa nyama ya gando nzima nzima, haina hata ukucha wa gamba, huku anazungumza na jirani yake wala hatazami. Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyetengeneza mikate ya karamu ya kanisa letu kila Agosti. Nyama baridi, mayonesi kiasi cha kuonekana tu, mkate umechomwa kwa siagi mbavu zote mbili. Watu walitoka Bangor kuja kuila, na mchungaji, masikini, alidhani wanafuata mahubiri yake.

Kisha kaka yangu Delwin akafa, na Arvilla akavua aproni.

Delwin alikuwa mumewe na alikuwa kaka yangu wa pekee. Jumapili moja ya Oktoba alitoka peke yake kuvuta madema yake. Mchana wakaiona boti yake ikizunguka yenyewe karibu na miamba, injini inaunguruma, hakuna mtu. Wanaume wote wa Corliss walitoka. Walivuta madema yake moja moja, yale yenye boya la rangi ya chungwa na mstari mweupe, kila mmoja akiomba asiwe yeye atakayemkuta kwenye kamba. Walichokipata ni buti moja, la mguu wa kushoto, limekazwa na kamba ya dema. Walinzi wa pwani walitafuta siku tano. Yeye mwenyewe hatukumpata mpaka leo. Tulizika lile buti. Tulilitia ndani ya jeneza la mtu mzima, na wabebaji sita walijitahidi kutembea kama watu waliolemewa, ili Arvilla asione lilivyo jepesi.

Aliona. Arvilla haoni mbali na hajawahi kupata leseni ya gari, lakini hayo aliyaona.

Kiangazi kilichofuata akaja mlangoni kwangu amevaa kofia. "Nipeleke Machias," akasema. "Nasikia kuna kibanda wana mkate mzuri." Nikampeleka. Akang'ata, akatema. Wiki iliyofuata Ellsworth. Kisha Belfast, kisha Rockland. Kila Jumamosi ya kiangazi tulisogea mbali kidogo zaidi, na mimi nilidhani ni wazimu wa mjane, utapita.

Mwaka wa nne uvumilivu wangu uliisha. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari karibu na daraja la Bucksport, mvua inanyesha, na alikuwa amekunja leso yake tena. Mkate ule ulikuwa mzuri ajabu. Nilipandwa na hasira.

"Arvilla, hivi wewe una nini? Chakula cha watu unatema kama mtoto! Si useme tu kwamba hakuna anayekushinda, turudi nyumbani?"

Aliitia leso mkobani. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Geneva, kambakoche anakula nini?"

"Anakula chambo. Samaki wabovu tunaowatia kwenye dema. Si unajua?"

"Na asipopata chambo?"

Mtoto yeyote wa Corliss anajua kambakoche anakula nini. Anatembea chini, anakula kilichoko chini. Ni jambo tunalolijua na hatulisemi, hasa kwenye nyumba zenye picha ya mtu aliyekwenda na maji.

"Nikitia mdomoni tu, namwona," akasema Arvilla. "Namwona mguu wake mmoja una buti, mmoja hauna. Nasema labda nikienda mbali, maji mengine, kambakoche mwingine asiyemjua. Nikiweza kumeza tonge moja tu, nitajua nimepona. Nisipoweza nitakufa hivi hivi, namwogopa mume wangu mwenyewe."

Nilitaka kusema kitu cha busara. Nikasema, "Bahari ni kubwa, wifi." Kisha nikaumaliza mkate wake, maana ulikuwa pale.

Nilikula wote. Naomba mkumbuke hilo.

Sasa niseme jambo ambalo pale Corliss hakuna aliyelijua ila mimi. Delwin, na hili kila mtu alilijua, hakuwahi kuvuta dema Jumapili kabla ya ile. Kiangazi sheria yenyewe inakataza. Vuli inaruhusu, lakini baba yetu hakutoka Jumapili, na Delwin hakutoka, miaka arobaini. Ndiyo maana msiba ulipotokea kila mtu alijiuliza: kwa nini Jumapili? Bila msaidizi, bila kumuaga mkewe? Na watu hawawezi kukaa na swali bila kulijaza. Wakaanza kunong'ona kwamba Delwin alijitupa. Kwamba alikuwa na mawazo. Kwamba mtu anayetaka kurudi hatoki Jumapili. Minong'ono hiyo ilimfikia Arvilla kwenye duka la nyuzi, mwaka ule ule wa kwanza, na mwanamke aliyeisema alimshika mkono kwa huruma.

Mimi nilijua kwa nini. Mimi ndiye niliyempigia simu.

Wakwe wa binti yangu Doreen walikuwa wanakuja kwangu kutoka Bangor kwa mara ya kwanza, watu wa ofisini, na nilikuwa nimejigamba kwamba watakula kambakoche mpaka washike viuno. Jumamosi upepo ulikuwa mkali, Delwin hakutoka. Jumapili saa moja asubuhi nikampigia. Arvilla alikuwa ameshakwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

"Leo Jumapili, Geneva," aliniambia.

"Umekuwa mchungaji siku hizi? Madema yako yapo hapo hapo mbele ya nyumba. Dazeni mbili tu, nusu saa umerudi. Au unataka niwape wakwe zangu kuku?"

Ndivyo nilivyosema. Akacheka, akakata simu, akaenda.

Ningeweza kuiua ile minong'ono kwa sentensi moja. Sikuisema siku ya kwanza kwa sababu nilikuwa nalia. Sikuisema siku ya mazishi kwa sababu Arvilla alikuwa ameniegemea. Baadaye siku zikawa nyingi, na kila siku iliyopita iliifanya sentensi ile iwe nzito zaidi kuitamka. Kwa hiyo nilimwendesha. Aliposema Rockland nilisema sawa, aliposema Portland nilisema sawa, nikanunua matairi mapya mara mbili, na watu wakasema Geneva kwa ukali wake wote ana moyo wa dhahabu. Nilikuwa nawasikia, nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Agosti hii tukafika Kittery. Baada ya hapo ni jimbo jingine, na huko wanamwagia siagi ya moto bila mayonesi. Arvilla aliapa hatavuka. Kibanda kilikuwa cha mzee mmoja aitwaye Lyle Pruitt, mtu mnene mwenye nyusi kama brashi. Nje kulikuwa na masufuria makubwa yanafoka mvuke, na kando ya dirisha kulikuwa na tangi la kioo lenye kambakoche walio hai, wamebebana.

Nikajiandaa kuona haya kama kawaida. Arvilla akasimama mbele ya tangi. Akainama, uso wake karibu na kioo, akakaa pale muda mrefu hata mtoto mmoja wa watalii akaja kuinama pembeni yake aone anachokitazama. Kisha akanyooka, akaenda dirishani.

"Mkate mmoja," akasema. "Bila seleri."

Hakuuliza. Miaka tisa, na hakuuliza. Nilidhani amechoka, tulikuwa barabarani tangu alfajiri na ana miaka sabini na mbili. Nilifurahi hata, nikasema leo angalau hatutatazamwa.

Tukakaa. Akaushika mkate kwa mikono miwili. Akang'ata, akafumba macho, akatafuna. Nikamsogezea leso. Hakuichukua. Niliona koo lake likipanda na kushuka, na machozi yakatoka chini ya kope zilizofumbwa, yakafika mpaka kidevuni. Akang'ata tena. Akala wote. Akala hata makombo yaliyobaki kwenye kitrei cha karatasi, akayaokota kwa ncha ya kidole.

"Wifi," nikasema. "Umemeza."

"Nimemeza."

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilijiona kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Nilisema, yamekwisha, amepona, na mimi sitahitaji kusema kitu. Nikaondoka mezani eti naenda msalani, kumbe nakwenda kulia nyuma ya kibanda ambako hakuna mtu.

Nyuma kulikuwa na Pruitt mwenyewe, amekaa kwenye kreti, anawakata kambakoche ile mipira inayofunga magando yao wasiume, kabla ya kuwatia jikoni. Anakata, anautupa mpira ndooni. Ndoo ilikuwa imejaa nusu.

"Mwambie mwenzako asante," akaniambia. "Nimemwona kupitia dirishani. Mtu hajawahi kula mkate wangu analia."

"Mkate mzuri," nikasema. "Ni wa boti yako?"

Akacheka. "Zamani. Siku hizi maji yetu yamepata joto, wamekimbia. Naletewa na lori kutoka juu huko mashariki. Wana nyama tamu kuliko wetu, ila usimwambie mtu."

"Mashariki wapi?"

Alinionyesha ndoo kwa kisu. Nikainama nikachukua mpira mmoja. Ulikuwa wa njano, una maandishi meusi, na sikuhitaji miwani kuyasoma, kwa sababu mipira ile mimi nimeifungua kwenye sinki langu maisha yangu yote. Ilikuwa mipira ya chama cha ushirika cha wavuvi wa Corliss.

Hapo ndipo nilipotambua upumbavu wetu. Sisi ni watu wa kambakoche. Kila Jumatatu tunaona malori yakipakia pale gatini na kwenda kusini, na tunajua yanakwenda hadi mwisho wa barabara. Halafu tulipanda gari na kufuata barabara ile ile, tukadhani tunamkimbia.

Niliutia mpira mfukoni. Nikanawa uso. Nikaapa sitamwambia, nilikuwa nimekwisha kuwa hodari wa kutomwambia mambo.

Tuliporudi alikuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Tulipopita Wiscasset akanyamaza, akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Hicho unachokichezea mfukoni tangu Portland. Unaendesha gari kwa mkono mmoja, utatuua."

"Ni ufunguo."

"Geneva, wewe hujui kusema uongo. Unajua kunyamaza tu. Hebu lete."

Nikampa. Akauvuta mpira kwa vidole viwili, akautazama kidogo, akautia kwenye mkoba wake mahali anapotia zile leso.

"Niliwaona kwenye tangi," akasema. "Wote wa njano."

Gari liliniponyoka, likagusa ukingo wa barabara. "Uliwaona, na ukala?"

"Nikala."

"Arvilla!"

"Usinipigie kelele, angalia mbele. Nilisimama pale nikasema, mimi huyu nimekimbia miaka tisa, nimefika mwisho wa Maine, na yeye katangulia ananingoja kwenye tangi. Nitakwenda wapi tena? Nikasema kama ni yeye, basi ni mume wangu. Nilimpikia miaka thelathini na nne, nikamfulia soksi, nikamkata kucha alipovunjika mkono. Leo nimwogope?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Pale makaburini tumezika buti, wifi. Mimi nilikuwa sina pa kumweka. Sasa ninapo."

Nilipandisha kioo changu kwa baridi, na ilikuwa Agosti.

"Limebaki moja tu," akasema. "Kwa nini alitoka Jumapili."

Niliwasha vifuta vya kioo, na mvua haikuwepo.

"Wanasema alitaka kufa," akaendelea.

"Watu wajinga."

"Wewe ni dada yake. Unadhani alitaka?"

"Hakutaka."

"Unajuaje?"

"Najua tu."

Alinitazama upande wa uso wangu mpaka shavu likawasha. Kisha akageukia dirisha lake, na hakuimba tena mpaka Corliss.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alinipigia simu baada ya ibada. "Njoo mchana," akasema. "Nimeweka sufuria."

Nilipoingia, dirisha la jikoni lilikuwa limejaa mvuke, na juu ya mlango boya la Delwin lilikuwa limening'inia pale pale, la chungwa na mstari mweupe. Arvilla alikuwa amevaa aproni. Kwenye sinki kulikuwa na mipira ya njano. Alikaa akachambua nyama mbele yangu, na vidole vyake havikuwa vimesahau kitu: alivunja gando, akavuta, nyama ikatoka nzima. Akachoma mikate kwa siagi, akajaza, akaweka sahani mbili mezani na leso mbili.

"Kula, wifi."

Aliutazama mkate wangu, si mimi. Nikauchukua. Nimekula mikate mingi ya kambakoche katika miaka ile tisa, yangu na yake, nikijua anachokiwaza, nikijua alichokula kambakoche. Nilikula kwa sababu kutema kungekuwa kukiri. Nikajiambia na huu ni mmoja zaidi. Nikang'ata.

Ilikuwa ladha ile ile ya karamu za kanisa. Ilikuwa tamu. Na nilimsikia kaka yangu akicheka kwenye simu, kicheko kile kifupi cha puani, karibu na sikio langu kabisa. Nilitafuna, nikatafuna tena. Koo lilikataa. Nilijaribu kwa maji, likakataa. Machozi yalikuwa yananitoka, na Arvilla amekaa ng'ambo ya meza, mikono mapajani, ananingoja.

Nikachukua leso. Nikatema. Vidole vyangu vyenyewe viliikunja mara nne.

Arvilla aliitazama ile leso kwa muda mrefu. Alikuwa amezikunja za namna ile miaka tisa. Hakuhitaji kuuliza ndani kuna nini.

"Jumapili ile alikuwa anakuvulia wewe," akasema. "Hakuna mwingine ambaye angemvunjia Jumapili."

"Dazeni mbili," nikasema. "Wakwe wa Doreen walikuwa wanakuja."

"Ulimpigia saa ngapi?"

"Saa moja. Ulikuwa umeshatoka."

Nilingoja anifukuze. Nilingoja aniulize kwa nini nilimwacha asikie maneno yale kwenye duka la nyuzi na kuyabeba peke yake. Hakuuliza hayo.

"Alisema nini?"

"Alisema leo Jumapili. Nikamtania. Akacheka."

"Alicheka," akasema Arvilla. Akafumba macho. "Akacheka, halafu akaenda."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikuwa anarudi."

"Alikuwa anarudi, wifi. Alisema nusu saa. Mimi ndiye niliyesema nusu saa, na yeye akakubali." Nilikuwa nalia kwa sauti sasa, mzee mzima, pua inatiririka. "Nisamehe. Nisamehe, Arvilla."

Hakusema amenisamehe. Sitawadanganya. Alikaa vile vile macho yamefumbwa, na midomo yake ilikuwa inarudia kitu bila sauti. Alipoyafumbua, aliniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuijua siku ile mpaka mwisho wake:

"Na wageni walikula nini?"

"Kuku," nikasema. "Nilikasirika kwamba amechelewa, nikachoma kuku."

Arvilla akatikisa kichwa polepole. Kisha akaivuta sahani yangu upande wake, akaushika mkate wangu kwa mikono miwili, akaanza kula.